Bastola ndogo ya kubeba kiunoni: ya kwanza niliijutia, ya pili ninayo mpaka leo

Bastola yangu ya kwanza ilikuwa na uzito chini ya gramu 300, haifiki hata uzito wa nusu kilo ya sukari, na nilivyoishika pale dukani nikaona basi, nimeshamaliza kutafuta. Jina la kampuni sitalitaja, la duka pia sitalitaja. Muuzaji akaniambia hii ndo wanayochukua kinamama wengi, inaingia kwenye pochi, inaingia mfukoni, utasahau kama unayo. Nikalipa nikaenda zangu. Ilikuwa mwezi wa kumi 2021, Texas ndo kwanza imeanzisha ile sheria ya kubeba bila laiseni tangu Septemba 1, mradi uwe umefika miaka 21 na sheria haikukatazi kumiliki silaha, na kila mtu hapa Houston alikuwa anaongelea bastola kama watu wanavyoongelea mvua.

Niseme kwanza kwa nini naihitaji maana wengine mtashangaa. Mi nina duka la vyakula vya nyumbani, unga, maharage, dagaa, viungo, mafuta ya mawese, nafungua saa tatu asubuhi nafunga saa tatu usiku na mara nyingi nafunga peke yangu na pesa ya siku iko kwenye mfuko. Duka la jirani yetu walishaingia watu usiku. Mume wangu yuko barabarani na lori wiki nzima. Kwa hiyo sikununua kwa ajili ya fasheni, nilitaka kitu nitakachokaa nacho kiunoni masaa kumi na mbili, naiinamia mifuko ya unga ya kilo 20, napanda ngazi, nahudumia wateja, na hakuna anayejua kama ninayo.

Sasa shida ya ile ya kwanza niliijua siku ya mtihani wa laiseni. Ndio, kubeba unaweza bila laiseni lakini mi nilitaka niwe nayo, ada ya serikali ni dola 40 tu na majimbo mengine mengi yanaitambua, nikivuka kwenda Louisiana kumuona wifi yangu sina wasiwasi. Mtihani wa kupiga ni risasi 50, ishirini ukiwa yadi 3, ishirini yadi 7, kumi yadi 15, alama kamili 250 na unatakiwa upate angalau 175. Risasi 50 zinasikika chache. Kufika ya ishirini ile sehemu ya katikati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imeshakuwa nyekundu, kufika ya thelathini nikawa nafumba macho kabla sijavuta triga, mwalimu akaja akanigusa bega akasema pumzika. Nilifaulu lakini kwa shida, zile za yadi 15 zilitawanyika kama mchele uliomwagika. Nikarudi nyumbani, ile boksi ya risasi iliyobaki nikaiweka kabatini, na ikakaa humo miezi minane. Miezi minane sijapiga hata moja. Nilikuwa nabeba kitu ambacho nakiogopa, na hilo nilikuja kulitambua taratibu sana, nilikuwa najiambia niko bize.

Sababu yake ni rahisi ukiifikiria. Risasi ni ile ile, nguvu yake ni ile ile, sasa hiyo nguvu inayorudi nyuma lazima ibebwe na kitu, bastola ikiwa nzito inabeba yenyewe sehemu kubwa, ikiwa nyepesi inakuachia mkono wako. Ongeza na mpini mfupi, kidole kidogo cha mwisho kinabaki kinaning'inia hewani hakina pa kushika, kwa hiyo kila risasi bastola inazunguka mkononi na unaanza kuishika upya. Huo wepesi unaousifia dukani ndo unaokupiga teke uwanjani. Muuzaji hakuniambia hivyo, na sidhani hata alinidanganya, nadhani ndo alivyozoea kuwaambia wanawake.

Basi nikamtafuta yule mwalimu tena, mama mmoja wa Kimarekani amepita miaka sitini, mikono yake ina baridi yabisi kuliko yangu. Akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha wenye bastola za kukodi, unalipa kiasi kidogo unabadilisha unavyotaka, na hapa ndo nasema kwa herufi kubwa kama ningeweza, USINUNUE KABLA HUJAKODI. Tulikaa pale karibu masaa matatu.

Tulianza na rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, Smith & Wesson 642, ile ya fremu ya alumini. Ni gramu 400 na ushee, risasi 5, haina slaidi ya kukoki, yaani ile sehemu ya juu unayoivuta nyuma ili risasi iingie, hii unaweka risasi unafunga basi, na nyundo yake imefichwa ndani kwa hiyo hainasi kwenye nguo. Wazee wengi wanaipenda kwa hilo. Lakini triga yake ni ndefu na nzito, unavuta unavuta unavuta, na mimi nikivuta hivyo mtutu unaenda kushoto. Na risasi yake ya .38 Special kwenye fremu nyepesi vile, teke lake si mchezo. Nilipiga tano nikarudisha.

Halafu Ruger LCP Max. Hii ni ya 2021, kubwa kidogo kwa ile LCP ya 2008 iliyowafanya watu wengi waanze kubeba bastola za mfukoni, na inaingiza risasi 10 za .380, aina ya risasi yenye nguvu ndogo kuliko 9mm, kwenye kitu cha gramu 300 hivi. Kwa kujificha sijaona cha kuishinda kirahisi, unaiweka mfuko wa mbele wa suruali ya kawaida na haionekani. Kwa mtu aliyeshajua kupiga, au mtu ambaye kwa kazi yake hawezi kabisa kuvaa kitu kiunoni, naielewa. Kwa anayeanza, hapana, utapita njia niliyopita mimi.

Glock 43 ni ya 2015, inatumia risasi za 9mm, 6 kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Nyembamba, imara, hamna cha kufikiria. Kuikoki kwangu ilikuwa kazi, springi ya bastola fupi ya 9mm lazima iwe ngumu maana slaidi yenyewe ni nyepesi na haina safari ndefu ya kwenda nyuma.

Tukafika kwenye SIG P365. Kabla hii haijatoka 2018, ukitaka 9mm ndogo ya kujificha vizuri ulikuwa unakubali risasi 6, 7, au 8. Wao wakaleta 10 kwenye bastola yenye unene wa inchi moja tu, na mwalimu akanionyesha ilivyowezekana, akatoa magazini akaishika kwenye taa. Risasi hazijapangwa mstari mmoja wala hazijapangwa miwili kamili, zinapishana kidogo tu, hii bega kushoto ile bega kulia, kama watu waliobanana kwenye korido nyembamba, halafu juu zinaungana zinatoka moja moja. Ni kitu kidogo lakini kilibadilisha soko zima, baada yake Springfield wakaja na Hellcat 2019 yenye 11, Smith & Wesson wakaja na Shield Plus 2021, wote wakifuata hesabu hiyo. P365 ina gramu 505 hivi bila risasi. Niliipiga vizuri. Kuikoki niliweza lakini baada ya magazini ya tatu kiganja kilianza kulalamika.

Ndo akaniletea P365-380. Umbo ni lile lile, ya 2022, ila inakula .380 badala ya 9mm. Risasi 10 kwenye magazini, na moja kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, zinakuwa 11. Gramu 445. Nilivyoivuta slaidi nikageuka nikamwangalia nikidhani haina springi. .380 haina presha kubwa kama 9mm kwa hiyo springi haihitaji kuwa kali, na tena mtutu wake unajifunga na slaidi risasi inapotoka kisha unajifungua, siyo kama zile .380 za zamani za aina ya Walther PPK ambazo slaidi inazuiliwa na uzito wake na springi tu, zile zinapiga teke kuliko unavyotegemea. Hii ilisukuma tu. Nikapiga kumi nikaweka chini nikaangalia shabaha, zote kumi zipo kwenye eneo la sahani ya chai, yadi 7. Nikaomba boksi lingine. Mi, niliyekaa miezi minane sijagusa, naomba boksi lingine.

Nikainunua wiki hiyo hiyo, dola mia tano na kidogo pamoja na kodi. Mpaka sasa nimeshapiga risasi zaidi ya mia nane, za mazoezi na za kujilinda, haijakwama hata mara moja. Sipendi watu wanaosema bastola ni nzuri wamepiga ishirini. Piga angalau mia mbili za kawaida na boksi mbili za zile zenye kichwa chenye shimo utakazobebea kabla hujaiamini, maana bastola fupi ni nyeti kuliko ndefu, kila kitu ndani yake kina nafasi ndogo na muda mfupi wa kutokea.

Vitu vya kuvumilia vipo. .380 ni ghali kuliko 9mm, hiyo inauma ukitaka kufanya mazoezi kila mwezi. Nguvu yake pia ni ndogo na siwezi kukuficha, zile risasi za kichwa chenye shimo kwenye mtutu mfupi mara nyingi unachagua moja, zitanuke zisiende ndani sana au ziende ndani zisitanuke, kwa hiyo kama mikono yako inaikoki 9mm bila shida basi chukua 9mm, usinifuate mimi. Kujaza magazini, zile mbili za mwisho ni za kubishana nazo, nunua kile kifaa cha plastiki cha kujazia. Mpini ni mfupi, magazini ina kitako chenye mdomo wa kupumzisha kidole, weka hicho. Saiti zake, zile alama za juu za kulengea, ni nzuri sana, ya mbele ina duara la kijani linang'aa na taa ndogo katikati inayowaka gizani, na mi kwa umri wangu saiti za mbele nyeusi tupu sizioni tena.

Na kitu ambacho hakuna atakayekuambia kama huna duka la vyakula, unga. Vumbi la unga linaingia kila mahali. Nilifungua bastola baada ya mwezi mmoja nikakuta kuna utando mweupe umeshikana na mafuta chini ya slaidi, mzito kama uji ulioganda. Saivi kila Jumapili jioni naifungua, napiga brashi, natia tone moja moja la mafuta kwenye reli ambazo slaidi inatelezea, nafuta jasho kwenye chuma chote. Joto la Houston mwezi wa nane na jasho la kiunoni litaharibu chuma chochote ukikiachia.

Sasa holsta, yaani ala ya kubebea bastola, na hapa naomba mnisikilize kuliko kwenye bastola. Ile ya kwanza nilikuwa naibeba kwenye pochi. Kinamama wengi wanabeba hivyo, kuna mpaka pochi zinazotengenezwa na mfuko maalumu. Mwisho wa Desemba 2014 kule Hayden, Idaho, mama wa miaka 29 alikuwa dukani na watoto, pochi yake ya namna hiyo iko kwenye toroli, mwanae wa miaka miwili akaingiza mkono, bastola ikalia, mama akafa pale pale. Bastola ndogo. Nilivyosoma habari hiyo nilikumbuka mara ngapi pochi yangu imekaa juu ya kaunta na wajukuu wanazunguka chini yake, nikashindwa kulala. Siku ya pili nikaacha pochi.

Natumia holsta ngumu ya kydex, ile plastiki inayofinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe. Inafunika triga yote, ukiipinda upande wowote triga haiguswi, na ukiigeuza juu chini bastola haidondoki. Usinunue vile vitambaa laini vya kuvaa tumboni peke yake, kitambaa kinakunjika na mkunjo unaweza kuingia kwenye triga. Na bastola nyingi za siku hizi hazina seifti ya mkono, kile kitufe cha kuzuia isipige, P365 inauzwa ya aina zote mbili, mi nilichukua yenye seifti, chagua unavyojua lakini ukichagua isiyo nayo basi holsta ndo seifti yako. Siku za suruali navaa mkanda mgumu, si mkanda wa urembo. Siku za dera au gauni la kitenge hamna mkanda, hapo natumia PHLster Enigma, ni kama mkanda wake wenyewe unavaliwa ndani, unafungwa kiunoni na kamba nyingine pajani, holsta inakaa juu yake bila kutegemea nguo. Ilinichukua wiki mbili kuirekebisha ikakaa sawa. Dera juu yake, hata mume wangu hajui ipo wapi. Kuitoa sasa ndo kazi, dera lazima ulikusanye kwa mkono wa kushoto kwa nguvu mpaka juu, hilo nafanya nyumbani na bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, mara kumi kila asubuhi.

Ndugu zangu wa uhamiaji, tafadhali. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia silaha, na utaulizwa hali yako. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, F-1 ya masomo, H-1B ya kazi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza, kuna vighairi vichache kama laiseni ya uwindaji lakini hilo kaongee na wakili wa uhamiaji, siyo na muuzaji na siyo na mimi. Kudanganya kwenye ile fomu ni kosa kubwa la jinai, na hata bangi, jimbo likiruhusu, fomu inakuuliza kwa sheria ya shirikisho. Mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, miaka yote aliyokaa hapa ikaishia hapo. Usimshikie mtu bastola yake, usimnunulie mtu.

Na ujue pa kuingia nayo. Ukiona bango jekundu la 51% mlangoni hiyo ni baa, usiingie nayo hata una laiseni. Ukiona bango la 30.06 mwenye mahali amewakataza wenye laiseni kubeba kwa kuficha, hospitali nyingi wanalo. Kanisani Texas ilitamka kwamba unaruhusiwa kubeba tangu Septemba 2019 kama kanisa halijakataza, sisi pale kwenye ibada yetu ya Kiswahili mchungaji aliongea na washemasi wakakubaliana nani na nani, na hiyo ndo heshima, usijiamulie peke yako. New York laiseni ya Texas haitambuliki kabisa, na kuna watu wanaunganishia ndege pale. Kwenda nayo nyumbani Tanzania usiwaze, kule kuna sheria ya silaha ya 2015 na kila silaha na kibali chake.

Nyumbani ina sefu ndogo ya kufungulia vidole pembeni ya kitanda, imefungwa kwa waya kwenye fremu. Texas mtoto chini ya miaka 17 akiipata silaha yenye risasi kwa uzembe wako ni kosa lako wewe. Kwenye gari siiachi, hapa Houston wezi wanavunja vioo vya magari kutafuta hivyo hivyo, ikinibidi basi kuna kasefu kamefungwa chini ya kiti.

Mdogo wangu mmoja wa kanisani, mwembamba, anafanya usafi wa maofisi usiku, aliniuliza, "Dada, si ninunue tu kama ya kwako tumalize?" Nikamwambia Jumamosi twende uwanjani kwanza. Akaikoki yangu vizuri, akapiga, akasema sawa. Halafu mwalimu akampa Smith & Wesson Shield EZ ya .380, ya 2018, hii ni kubwa zaidi, gramu 525 hivi, risasi 8, na nyuma ya mpini ina seifti inayobonyea yenyewe ukiishika sawasawa. Akapiga nane, akanyamaza, akaomba nane nyingine. Mabega yakashuka, akaacha kukaza meno. Nilimwambia hii ni nzito kuliko yangu na ni ndefu, utaihisi kiunoni. Akasema, "Dada mi nataka hii, hii hainiogopeshi." Akaichukua hiyo. Mwezi ujao tunaanza wote kwenda kila Jumamosi ya pili, yeye na yake mimi na yangu.